Bi Kitasa na Kompyuta Mbili Zisizosalimiana

Kuna watu wenye vyeo, kuna watu wenye vitambi, na kuna Bi Kitasa. Cheo hana, kitambi bado anakitafuta, lakini kwenye mambo ya kompyuta mtaa mzima hauna wa kumfikia kiatuni. Anayebisha na alete mtu wake, tuwashindanishe mchana kweupe.

Duka lake ni la kuchapa na kutoa nakala, limebanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Ukiingia unakutana na benchi moja refu, kisu cha kukatia karatasi, mashine ya laminesheni inayonuka plastiki ya moto, na mlangoni kabisa kompyuta nyeusi ambayo herufi zake za A na E zimefutwa na vidole vya watu. Hiyo inaitwa Kibarazani. Nyuma kuna chumba cha upana wa kitanda na nusu, mlango wa mbao, kufuli la shaba. Humo inakaa kompyuta ya pili, imefunikwa kitambaa cha maua kama bibi harusi. Hiyo ni Chumbani.

Kibarazani ina mtandao. Chumbani haina, haijawahi kuwa nao, na hata lile tundu la kuchomeka waya wa mtandao Bi Kitasa aliliziba kwa gundi siku aliyoinunua. Mashine hizi mbili zimelala chini ya paa moja miaka sita na hazijapeana hata salamu.

Mteja akija na flashi yake iliyozunguka mji mzima, inaingia Kibarazani tu. Akitaka kufungua barua pepe, Kibarazani tu. Na hata hapo hapewi kompyuta yenyewe. Wasomi wana jina la mpango huo, jina refu, la kunywea maji kabla ya kulitamka. Bi Kitasa analieleza kwa lugha ya watu walioshiba: ndani ya Kibarazani ameweka kompyuta ya kuigiza, kama chumba cha vioo. Kivinjari kinafunguliwa humo. Tovuti ikija na uchafu wake, inautapika humo humo; anachokiona mteja ni kama sinema ya mambo yanayotokea nyuma ya kioo. Akimaliza, dirisha linafungwa, na chumba kizima kinafutika pamoja na aliyejificha uvunguni. Mteja wa pili anapewa chumba kipya ambacho hakijakanyagwa na mtu.

"Mgeni namkaribisha barazani," huwaambia wanaonuna. "Anakaa, anapiga soga, anaondoka na heshima zake. Sasa wewe unayetaka kupitiliza jikoni kufunua sufuria, umetumwa na nani?"

Na kazi ya mteja ikitakiwa kuingia Chumbani, inapita kwa njia moja: inachapwa kwenye karatasi pale mlangoni, inabebwa kwa mkono hatua nane, inapigwa picha na skana ya ndani. Karatasi haina kirusi. Ikizidi sana itakuwa na mchuzi.

Jina la Bi Kitasa alibandikwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi simu mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Huyu ni mtu mwenye mikono ya dhahabu na mdomo wa bati. Anaweza kufufua simu iliyoanguka chooni, lakini hajawahi kuona kitufe asikibonyeze. Kompyuta yake ya mkononi imejaa programu za wizi alizoshusha bure, na kila akiiwasha inamwomba ruhusa ya kujisasisha, naye anaijibu "kesho" mwaka wa tatu huu.

"Shemeji, wewe ukiumwa kichwa unameza kidonge na ganda lake," humtania. "Kuogopa gani huko?"

"Naogopa shemeji zangu," Bi Kitasa humjibu, macho kwenye kazi.

Usidhani alizaliwa hivyo. Miaka tisa nyuma alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya mtu, mwepesi wa vidole kuliko wote, na mwepesi wa kubonyeza vilevile. Siku moja ikaja barua yenye kiambatisho kilichoandikwa "orodha ya mishahara mipya". Nani asiyetaka kuiona? Akafungua. Kufika adhuhuri kila faili kwenye ile mashine lilikuwa limegeuka takataka zisizosomeka, na kati ya hayo mafaili zilikuwamo picha mia nne za harusi zilizokuwa zinangoja kuchapwa. Bosi alitaka kumtuma mhudumu apeleke habari. Bi Kitasa akakataa, akaenda mwenyewe kwa bibi harusi. Yule dada hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akafunga mlango polepole. Mlango ungebamizwa angevumilia. Ule upole ulimkosesha usingizi mwezi mzima, na ulipokwisha mwezi akajiandikisha mafunzo ya wiki sita kwa mwalimu mmoja mkali, mama wa miwani, ambaye ndiye aliyemfundisha habari za chumba cha vioo.

Tangu hapo hana mzaha. Kila Jumatatu duka halifunguliwi kabla mashine hazijasasishwa. Chumbani nayo inaletewa masasisho yake kwenye diski za CD zenye lakiri, kama dawa. Hashushi programu ya bure hata ikipigiwa magoti. Mteja akimtajia neno la siri kwa sauti, anamfukuza akalibadilishe kwanza. Usicheke wewe, la kwako ni mwaka wako wa kuzaliwa na unajijua.

Sasa, ndani ya Chumbani kulikuwa na kitu kimoja kilichozidi vyote. Rejista ya Shangazi.

Shangazi, dada wa baba yake Bi Kitasa, alikuwa mkunga miaka thelathini na minane. Amepokea watoto elfu mbili mia moja na kumi na wanne, na kila mmoja alimwandika kwenye daftari: siku, saa, jina la mama, uzito. Madaftari kumi na saba. Alipostaafu aliyaweka kwenye sanduku, na mchwa wakaanza kuyasoma kabla ya watu. Bi Kitasa aliyawahi yakiwa nusu. Miezi kumi na minne, kila alasiri, Shangazi aliketi kwenye kigoda cha Chumbani akisoma mabaki na kujazia kwa kichwa chake, na mpwa akichapa.

"Andika: wa kiume, saa tisa alasiri, alikuja miguu mbele. Mama yake alinitukana matusi mazito sana."

"Shangazi, matusi hayaingii kwenye rejista."

"Basi yaweke pembeni kwa penseli."

Kazi ile haikuwa ya kujifurahisha. Mtaani kulikuwa na watu wazima arobaini na watatu wasio na cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna leseni, hakuna pasi, hakuna kumwandikisha mtoto shule bila kusukumwa dirisha hadi dirisha. Wote walipokelewa na mikono ya Shangazi. Baada ya barua tisa na safari zisizo na hesabu, ofisi ya vizazi ilikubali: ofisa atakuja Alhamisi saa nne asubuhi, ataikagua rejista, na akiridhika itakuwa ushahidi wa wote.

Na hapo ndipo pabaya. Diski ya akiba ambayo Bi Kitasa hunakilia kazi zake kila Ijumaa, kisha huichomoa na kwenda kuifungia kabatini nyumbani, ilikuwa imekufa wiki mbili nyuma, na mpya ilikuwa njiani. Kuchapa kwenye karatasi kulimngoja Shangazi aache kurekebisha, na Shangazi alikuwa bado anarekebisha. Kwa hiyo Jumatano ile rejista nzima ilikuwa mahali pamoja tu hapa duniani: nyuma ya kufuli la shaba.

Jumatano hiyo hiyo, saa tano asubuhi, Shangazi aliingia dukani akihema, simu ameinyoosha mbele kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nyuma yake Shemeji.

"Mwanangu, wameandika! Ofisi ya vizazi! Soma!"

Bi Kitasa aliifungua ile barua pepe Kibarazani, ndani ya chumba cha vioo. Nembo ipo. Jina la Shangazi lipo. Ilisema: fungua fomu iliyoambatishwa kwenye kompyuta ile ile yenye kumbukumbu zako, bonyeza Ruhusu, ijaze kabla ya saa nane mchana leo. Ikipita saa nane ombi lako litafutwa.

"Haya, twende Chumbani," Shangazi alisema, tayari amekamata kitasa.

"Ngoja, Shangazi."

"Ningoje nini? Nimengoja miaka!"

"Ofisi gani inajua rejista iko kwenye kompyuta gani? Na kwa nini wanataka hiyo hiyo?"

Shemeji akaingilia, kidole tayari kinamuwasha. "Shemeji, nipe flashi, dakika moja naihamisha. Tunafungua, tunajaza, tunakunywa chai."

"Flashi iliyotoka Kibarazani haiingii Chumbani. Hata ikiwa imebeba fomu ya kwenda peponi."

Akaichungulia ile fomu kupitia kioo. Ukurasa wa kijivu, maandishi yamefifishwa makusudi, na kitufe kikubwa katikati kinachong'aa: Ruhusu. Akaikagua anwani ya mtumaji. Ilifanana na ya ofisi kama mapacha wanavyofanana, mpaka uwaangalie masikio. Hakubonyeza. Akafunga dirisha, chumba kikafutika, akatoa kwenye jalada barua ya zamani ya ofisi, ya karatasi, yenye muhuri, akapiga namba iliyokuwa pale. Siyo ile iliyokuwa kwenye barua pepe. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena. Na tena.

Saa sita kasoro. Shangazi alikuwa amesimama kama nguzo.

"Na kama ni kweli?" alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyouma. "Na kama ni kweli, na saa nane ikapita, utakwenda kuwaambia nini wale watu arobaini na watatu? Kwamba uliogopa kitufe?"

Bi Kitasa akapiga ile namba mara nyingine, ikakatika. Mtu asikudanganye kwamba wajuzi hawatetemeki. Alijua kuna uwezekano, mdogo, kwamba ofisi imeandika vibaya barua ya kweli, na kwamba yeye kwa ukaidi wake anawanyima watu vyeti. Tena alikwisha kusimama mlangoni kwa mtu kupeleka habari mbaya. Kwenda milango arobaini na mitatu hakukuwa na miguu ya kutosha.

"Nakwenda ofisini mwenyewe," alisema. "Nikikuta ni kweli, naijaza pale pale kwa kalamu, mbele ya dirisha lao."

Akafunga Chumbani, ufunguo akautumbukiza ndani ya blauzi.

"Unanifungia kazi yangu?" Shangazi alifoka. "Mimi niliyekukata kitovu?"

"Ndiyo, Shangazi. Nisamehe. Nakufungia."

Ofisi ya vizazi iko upande wa pili wa mji. Alifika saa saba na robo, jasho limemchora ramani mgongoni, akakuta foleni na karani nyuma ya kioo anayepanga mafaili kwa mwendo wa kinyonga aliyelishwa. Zamu yake ilipofika, alimweleza. Karani akaacha kupanga.

"Fomu? Sisi hatujatuma fomu yoyote. Umeifungua?"

"Nimeichungulia. Sijaifungua."

Karani akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamia tundu la kioo. "Wewe ni wa tano leo. Wanne wamekwisha kufungua, wako kule uani wanalia. Na mmoja wetu humu ndani naye kafungua. Usiseme nimesema." Kisha, kwa sauti yake ya kazi: "Miadi yako ya kesho iko palepale."

Bi Kitasa aliketi kidogo kwenye ngazi za ofisi kabla ya kurudi.  

Alipoingia dukani alikuta wawili wanamngoja. Shangazi kwenye benchi, ameshika tama. Shemeji kando yake, kompyuta yake ya mkononi mapajani, na kwenye skrini maandishi meupe juu ya wekundu: mafaili yako yote yamefungwa, lipa ndani ya saa arobaini na nane.

"Umefungua, shemeji."

"Nilijitumia ile barua kutoka simu ya Shangazi. Nilitaka tu... nilitaka nikuonyeshe hakuna kitu." Mdomo wa bati ulikuwa umepoteza mlio. "Namba za wateja zote zilikuwa humu. Na picha za mtoto wangu tangu azaliwe. Nilipe?"

"Usilipe hata senti. Anayefunga mlango wako kwa wizi hana haya ya kula pesa na funguo akabaki nazo. Umeshaitoa kwenye mtandao?"

"Bado."

"Itoe sasa hivi. Usiichomekee kitu. Simu yako ilete hapa."

Mwanamke mwingine angecheka kwanza. Alikuwa na haki ya kucheka mpaka magharibi, na wako watu tunaowajua ambao wangeita majirani waje kusaidia kucheka. Bi Kitasa alivuta kigoda. Kibarazani, kwenye chumba kipya cha vioo, walibadilisha maneno ya siri ya Shemeji moja baada ya jingine, barua pepe kwanza, yawe marefu, yasifanane. Picha za mtoto walizikuta nusu kwenye simu ya mkewe. Nusu nyingine hazikurudi. Shemeji alipoambiwa hivyo aligeuza uso akatazama kisu cha kukatia karatasi muda mrefu.

Shangazi hajui kuomba radhi, hakufundishwa na umri umepita. Alichukua ufagio, akafagia duka lote, akafagia na mbele ya kinyozi. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nimemaliza kurekebisha. Chapa."

Kurasa hamsini na nane. Printa ya Chumbani ilikohoa hadi jua linazama, na hakuna aliyeondoka.

Alhamisi saa nne watu walijaa hadi duka la dawa. Ofisa alikuja bila kuchelewa hata dakika, mwanamume wa makamo mwenye tai fupi na flashi ining'iniayo shingoni kwa utepe. Alipekua zile kurasa, akauliza maswali kumi, Shangazi akajibu kumi na tano. Alipomuuliza anakumbukaje mtoto wa miaka arobaini iliyopita, Shangazi alimtajia mvua ya siku ile, rangi ya pazia, na jina la punda aliyemleta mama.

"Nimeridhika," ofisa alisema. Watu wakaanza kunong'ona, akainua mkono. "Nahitaji nakala ya kompyuta pia." Akavua flashi shingoni, akainyoosha kuelekea Chumbani.

Bi Kitasa akasimama mlangoni.

"Hiyo haiingii humu, mheshimiwa."

Utepe wa flashi ukabaki ukining'inia hewani kati yao.

"Hii ni flashi ya serikali," ofisa alisema.

"Naiheshimu. Ikae kibarazani."

Shangazi alimvuta upindo wa gauni. "Mpe, mwanangu, atakasirika aondoke," alimnong'oneza. Ofisa alikuwa amekwisha kushika mkoba wake.

"Mheshimiwa," Bi Kitasa alisema taratibu, "nauliza tu kwa ujinga wangu. Jana flashi hiyo ilichomekwa kwenye mashine gani?"

  Ofisa akaitazama ile flashi kiganjani kama mtu anayemtazama rafiki aliyemsikia akisemwa vibaya mahali fulani. Kumbe habari za ile mashine ya ofisini kwao iliyofungua fomu alikuwa nazo. Akaweka mkoba chini.

Bi Kitasa alichukua rafuni pakiti aliyoinunua jana njiani akirudi, bado haijafunguliwa, akaichana mbele ya watu wote, akatoa flashi mpya, akaingia nayo Chumbani, akatoka baada ya dakika tatu.

"Hii naiozesha kwako. Rejista imo yote. Ikishatoka mlangoni hairudi hapa tena, hata kuja kusalimia."

Ofisa alicheka, kwanza puani, kisha kwa mwili mzima mpaka tai ikarukaruka. "Mama, ofisini kwetu tungekuwa na wewe jana," alisema, "watu wasingelia uani." Akaiweka ile flashi mfuko wa shati, akafunga kifungo. Ya shingoni akaitia kwenye mkoba, mbali, peke yake. Kisha akavuta ile orodha ya watu arobaini na watatu, akatoa muhuri na kidau cha wino, akasoma jina la kwanza.

Nyuma ya umati akanyoosha mkono dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi mbili na mabega ya mlango. Miaka yote hiyo amekuwa akiendesha ndani ya uzio wa kiwanda tu kwa kukosa leseni.

"Nipo!" aliitika, kama mtoto darasani.

"Alikuja miguu mbele," Shangazi alimwambia ofisa. "Mama yake alinitukana sana."

Muhuri ukashuka. Ofisa akasoma jina la pili.